Harusi Mombasa, familia ya watu sita kutoka Mtwara: anzeni na karatasi za bibi

Swali: Habari za kazi. Naishi Chikongola, Mtwara. Rafiki yangu niliyekua naye Mikindani na kusoma naye tangu darasa la kwanza alihamia Mombasa kwa shangazi yake, na sasa anaolewa hukohuko, Mji wa Kale, Jumamosi ya katikati ya Desemba. Amesisitiza tuje wote: mimi, mume wangu, mama yangu (miaka 67, ana presha), binti wa miaka 14, kijana wa miaka 8 na mdogo wao wa miezi 10. Mume ana pasipoti inayokwisha Machi mwakani. Mimi na mama tuna vitambulisho vya NIDA, watoto wana vyeti vya kuzaliwa. Mama hana cheti cha kuzaliwa. Je, tunahitaji viza? Tuanze na nini, tupite njia gani, na tubebe zawadi gani? Mume anataka twende na gari letu, Noah.

Jibu:

Dada, umeuliza Septemba kwa harusi ya Desemba. Muda unatosha, ila hauna wiki za kupoteza.

Viza hamhitaji. Mtanzania akiingia Kenya ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ule utaratibu wa idhini ya kielektroniki ambao Kenya iliuanzisha Januari 2024 kwa wageni wengi haumhusu. Ukikuta tovuti au mtu anayetaka dola kadhaa ili "awaombee kibali", mkimbie. Lakini NIDA haivuki mpaka. Mpango wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Kila mmoja wenu, hata wa miezi 10, anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria.

Wengi huanza kwa kuuliza nauli. Kwenu nauli ije baadaye. Familia haiondoki mpaka hati iliyo nyuma kuliko zote ipatikane, na kwenu hiyo ni ya mama. Tena inafunga na ya kwako, kwa sababu Uhamiaji humtaka mwombaji wa pasipoti aonyeshe ushahidi wa kuzaliwa kwake na wa mzazi wake mmoja. Kama upande wa baba yako nako hakuna cheti, wewe huwezi kukamilisha fomu mpaka mama awe na karatasi.

Kwa mtu wa umri wake kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuomba cheti cha kuzaliwa kwa msajili wa wilaya, chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kama mtu aliyechelewa kusajiliwa. Hapo huulizwa chochote cha zamani chenye jina lake na mwaka: cheti cha ubatizo, cheti cha shule, kadi ya kliniki, pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Ya pili ni hati ya kiapo cha kuzaliwa, inayoapwa mbele ya hakimu au wakili na ndugu mkubwa anayejua kuzaliwa kwake. Ningeanza na kiapo wiki hii, kwa kuwa ni cha haraka zaidi, na cheti kifuatiliwe taratibu baadaye. Kabla ya kuapa, wekeni NIDA ya mama mezani na mnakili jina herufi kwa herufi. Huku kwetu Somoe huandikwa Somoye, Hadija huwa Khadija, Bakari huwa Abubakari, na jina la babu huruka kabisa kwenye karatasi moja likatokea kwenye nyingine. Kiapo kikitofautiana na NIDA kwa herufi moja, mnarudi kwa wakili kulipa upya.

Kagueni hivyohivyo vyeti vya watoto, hasa vile vilivyoandikwa kwa mkono kwenye kata au kituo cha afya. Jina lako kama mama wa mtoto lisomeke kama lilivyo kwenye NIDA yako. Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa hukohuko kwenye usajili. Ofisa Uhamiaji hana mamlaka ya kusahihisha cheti cha kuzaliwa, na kumbembeleza ni kupoteza siku.

Sasa pasipoti. Ada ni shilingi 150,000 kwa kila mtu. Fomu hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapewa namba ya malipo, unalipia, unaichapisha, kisha unaipeleka ofisi ya mkoa ukiwa na nakala na vyeti halisi. Kila mwombaji aende mwenyewe, watoto nao. Kwa walio chini ya miaka 18 andaeni barua ya ridhaa ya wazazi pamoja na nakala za vitambulisho vyenu wote wawili. Mtaulizwa sababu ya safari, kwa hiyo mwombe bibi harusi kadi ya mwaliko au barua fupi yenye jina lake, tarehe, mahali na majina yenu sita. Picha ya kadi kwenye WhatsApp hailingani na karatasi iliyotiwa sahihi.

Pasipoti ya shemeji, yaani mume wako, inaonekana nzima lakini si salama. Sharti linalotumika Kenya ni hati iwe na angalau miezi sita mbele siku ya kuingia, na kutoka Desemba hadi Machi ni mitatu tu. Kuna wanaopita, kuna wanaorudishwa. Kumwacha baba mpakani Horohoro na kuendelea na watoto si jambo la kubahatisha. Aombe mpya sasa.

Mkichukua pasipoti sita ni shilingi 900,000 kabla hamjakata tiketi hata moja. Njia halali ya kupunguza ni hati ya safari ya dharura, inayotolewa na Uhamiaji kwa safari za nchi jirani. Kwa Kenya inakubalika, inatoka haraka zaidi, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya pasipoti. Ushauri wangu: wewe na mume pasipoti, jumla 300,000, maana mtazitumia miaka mingi, mama na watoto watatu hati ya dharura. Kama mama ana nia ya kwenda Umra mwakani, basi na yeye mwombeeni pasipoti moja kwa moja. Wakati wa kuomba, muulizeni ofisa hati hiyo inaishi muda gani na inaruhusu kwenda na kurudi, na msiichukue mapema mno ikaisha kabla ya harusi.

Jambo la pili ambalo halingoji ni chanjo ya homa ya manjano. Watu hudhani inaulizwa mkiingia Kenya. Kwenu swali liko zaidi kwenye kurudi: Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa hiyo, na Tanzania humtaka msafiri anayetoka nchi za namna hiyo awe na cheti, kuanzia umri wa mwaka mmoja. Mdogo wenu ana miezi 10 leo, lakini Desemba atakuwa ametimiza mwaka. Naye yumo.

Chanjo huhesabika kuwa halali siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hakirudiwi. Kwa mtoto kuna hesabu nyingine: hii ni chanjo hai kama ile ya surua na rubela anayopewa akiwa na miezi 9. Chanjo hai mbili huchomwa siku moja, au zinaachana wiki nne. Chukua kadi yake ya kliniki, tazama tarehe ya surua, ongeza siku 28, na usiende kabla ya hapo. Mama ana miaka 67, na kwa mtu aliyepita 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa ni nadra lakini yanazidi ya kijana. Aonane kwanza na daktari anayemtibu presha. Daktari akisema asichanjwe, huandikwa msamaha wa kitabibu kwenye kile kijitabu cha chanjo, ukiwa na sahihi na mhuri. Na wewe, kama una mimba au unadhani unayo, sema kabla ya sindano.

Msiende tu asubuhi moja na kutegemea kuikuta. Chupa ya chanjo hii mara nyingi ni ya dozi kumi, na ikishafunguliwa hutupwa baada ya saa sita, kwa hiyo wahudumu hukusanya watu kwanza. Ulizeni hospitali ya Ligula au ofisi ya afya ya bandari siku wanayochanja, na mmalize hili kabla ya mwisho wa Oktoba. Cheti kiandikwe jina lilelile la kwenye hati ya kusafiria.

Njia. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, Dar hadi Tanga kama 350, Tanga hadi Horohoro zaidi kidogo ya 60, na kutoka mpakani hadi Mombasa kama 100. Kijana mmoja anaweza kuzipiga kwa siku mbili. Mama wa miaka 67 mwenye presha, pamoja na mtoto anayeanza kutambaa, hapana. Miguu itavimba, mtoto atatapika, na mtafika kwenye harusi mkiwa wagonjwa.

Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu cha anasa, kiwe ndege ya Mtwara hadi Dar kwa mama, wewe na mdogo. Ni kama saa moja badala ya kutwa nzima, na mtoto chini ya miaka miwili asiyekalia kiti hulipiwa sehemu ndogo ya nauli. Cheti chake cha kuzaliwa kiwe mkononi. Shemeji na wakubwa wawili wapande basi la alfajiri. Tiketi ziwe za kielektroniki, zenye jina la kila mtu. Dar mlale mara mbili, na mchana wa katikati mpumzike. Usipange kushuka na kuunganisha siku hiyohiyo: mabasi ya kusini huishia upande wa Mbagala na Temeke, ya kaskazini wengi huyapandia kituo cha Magufuli, Mbezi, na kati yake ni foleni ya jiji zima na mizigo ya watu sita.

Kisha msiende Dar hadi Mombasa kwa mkupuo. Laleni Tanga. Kesho yake Tanga hadi Mombasa ni nusu siku, mnavuka mpaka asubuhi watoto wakiwa na nguvu na mama ameshakunywa dawa. Ndege ya Dar hadi Mombasa ipo kwenye ramani, lakini mara nyingi hupitia Nairobi na kwa watu sita inakula bajeti yote ya harusi.

Tarehe zihesabiwe kutoka mwisho. Harusi Jumamosi, muwe Mombasa Alhamisi mchana. Basi Jumatano mlale Tanga, Jumanne mpumzike Dar, Jumatatu muondoke Mtwara. Hata hivyo ningeweka siku moja ya akiba na kuondoka Jumapili. Desemba mvua za kusini zinaanza, ndege hubadilishiwa saa, na barabara yetu imeshaonyesha inavyoweza kufanya: Mei 2024 maji yaliikata eneo la Somanga na Kilwa, na watu wakakwama pande zote mbili. Mabasi ya kutoka Dar kwenda kaskazini nayo hujaa katikati ya Desemba watu wakienda makwao, kwa hiyo kata tiketi ya kwenda na ya kurudi mapema.

Kuhusu Noah, mwambie shemeji kwa upole kwamba safari hii si yake. Gari la Tanzania kuingia Kenya linahitaji kadi halisi ya usajili (kama ina mkopo, barua ya benki), kibali cha muda cha forodha, na bima inayovuka mpaka, yaani ile kadi ya njano ya COMESA mnayoiomba kwa kampuni yenu ya bima. Hayo yanawezekana. Tatizo ni dereva mmoja kuendesha zaidi ya kilomita 1,000 kwenda na nyingine kurudi, halafu kutafuta maegesho Mji wa Kale ambako vichochoro vingi havipitishi hata mkokoteni kwa raha.

Mpakani. Horohoro na Lunga Lunga hufanya kazi kama kituo kimoja cha pamoja: mkienda Kenya, mnagongewa mhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya kwenye jengo la upande wa Kenya; mkirudi, yote upande wetu. Kosa la kawaida ni kufuata mkumbo wa abiria, kugongewa dirisha moja, na kukimbilia basi kwa sababu kondakta anapiga honi. Basi litasubiri. Simamieni pembeni, fungueni hati zote sita, hesabuni mihuri kumi na miwili, na msome siku mlizopewa. Mhuri wa kutoka ukikosekana, shida huibuka siku ya kurudi. Kwa raia wa Jumuiya siku zinaweza kufika miezi sita. Mkikuta zimeandikwa pungufu ya kukaa kwenu, semeni hapohapo. Hati zibebwe na mtu mmoja, kwenye mkoba wa kifuani, pamoja na nakala za vyeti vya watoto. Wale vijana wanaokuja kuwabebea pasipoti ili "mpite haraka" ni vishoka. Msiwape hata kalamu.

Mkoba wa mama uwe na dawa za presha za safari yote na siku tano zaidi, kwenye pakiti zake, na karatasi ya daktari. Visiende kwenye buti la basi. Mkifika Likoni, mlangoni mwa Mombasa, kama basi linavuka maji kwa kivuko badala ya kuzungukia barabara ya Dongo Kundu, abiria hushuka na kuvuka kwa miguu bila malipo. Pale pana msongamano na magari hushuka katikati ya watu, hivyo gawaneni mapema nani anamshika nani: shemeji na kijana, binti na bibi, wewe na mdogo mgongoni kwa kanga. Mkibeba sanduku la kukokota mtajuta. Mabegi ya mgongoni ni bora.

Pesa. Tangu 2023 shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza kati ya takriban 15 na 21 za kwetu, basi tazama bei ya benki ya siku hiyo na ubadilishe Dar au Tanga, dukani. Mtwara shilingi za Kenya ni adimu, na pale mpakani mkononi mwa mtu ni mahali pa kupunjwa. Ingieni na Ksh 5,000 hivi za noti ndogo kwa chakula, tuktuk na maji. Mchango wa harusi utume kabla ya safari kwa M-Pesa kwenda namba ya Kenya. Jina la mpokeaji hutokea, na bibi harusi anaupata wakati bado ananunua vitu.

Zawadi: wewe ni mtu wa Mtwara, peleka korosho. Kilo tano za korosho nzima zilizobanguliwa na kukaangwa kidogo, zipoe kabisa usiku mzima kabla ya kufungwa, maana zikifungwa na joto zinatoa jasho, zinalainika na kuota ukungu njiani. Zifungwe kwenye mikebe au ndoo ndogo zenye kifuniko. Mifuko ya plastiki Kenya ilipiga marufuku Agosti 2017 na adhabu yake si ndogo, kwa hiyo kabla ya Horohoro pekueni mabegi yote, pamoja na ule mfuko wa nepi. Korosho ghafi zenye maganda, miche, mbegu na matunda mabichi viacheni, hivyo huhitaji cheti cha afya ya mimea. Samaki wakavu na pweza pia waacheni. Doti mbili tatu za kanga na kinyago kidogo cha Kimakonde chenye risiti ya duka havina shida.

Mwisho, muulize rafiki yako mambo matatu sasa hivi, kabla hujashona nguo. Nikaha ni saa ngapi na msikiti gani, kwa sababu ni ya wanaume na shemeji na kijana wa miaka 8 watahitaji kanzu na kofia safi. Pili, usiku wa kupamba unaruhusu watoto? Mara nyingi kadi husema hapana, simu za picha hukatazwa, na mvulana wa miaka 8 hataingizwa ukumbi wa wanawake. Basi usiku huo yeye abaki na baba yake, na mdogo alale na bibi, kama bibi mwenyewe hataki kwenda. Mkishindwa kupanga hili, wewe uliyesafiri kwa ajili ya rafiki yako ndiye utakayekaa nje ya ukumbi ukibembeleza mtoto. Chini ya buibui vaa nguo nzuri hasa. Ndani huvuliwa, na wenyeji hujipamba kwelikweli. Tatu, mtalala wapi? Nyumba ya bibi harusi wiki ile hujaa wanawake, na shemeji hatapata pa kujinyoosha. Kodini vyumba viwili karibu, mapema, kwa kuwa Desemba ni msimu wa wageni Mombasa na bei hupanda.

Wekeni tarehe ya uamuzi: 15 Novemba. Siku hiyo, ambaye pasipoti yake haijatoka aende Uhamiaji kuulizia hati ya dharura, shemeji akiwa wa kwanza. Kama karatasi za mama bado hazijakamilika, mtafutieni ndugu wa kukaa naye Mikindani na nyinyi watano mwende. Kadi ya bibi harusi, mama aiandikie salamu mwenyewe, na simu ya video ipigwe Jumamosi asubuhi kabla ya nyumba kujaa. Ila karatasi zako wewe zitazame kuliko zote, maana mdogo hatasafiri bila mama yake.